Kuwatafuta Akina Yelcombe

Kadi ya mlango nimeirudisha Ijumaa, na kabla sijafika kwenye lifti mwenzangu Priya akanikimbilia kuniomba niandike machache kwa ajili ya wanaobaki. Nimeamua kuyaandika kwa Kiswahili. Katika kitengo chetu mmebaki wawili mnaokisoma, na ni nyinyi mtakaotumwa kwenye nyumba ambazo wengine hawafunguliwi. Halafu wakubwa wakitaka kujua nimewasema nini, watafute mkalimani.

Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa, hayana utamu. Nitasema kazi yenyewe. Kliniki yetu hapa Toronto inatibu mioyo yenye hitilafu ya kurithi. Mnaujua ugonjwa wenyewe: mtu ana afya zake, hajawahi hata kulala na homa, anakimbia au anabeba kitu kizito, anadondoka, basi. Akipatikana mgonjwa mmoja ambaye bado anapumua, madaktari wanashughulika naye. Mimi nilikuwa nashughulika na ndugu zake, niwapate wapimwe kabla nao hawajadondoka. Kwenye karatasi za ofisi niliitwa mtafiti wa nasaba. Nyumbani mume wangu aliniita mpelelezi wa makaburi, na hakuwa mbali na ukweli.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Doreen. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti nene, mzaliwa wa kisiwa cha Newfoundland, aliyekuwa akivuta sigara nje ya mlango wa kliniki ya moyo bila haya yoyote. Aliniuliza jina. Nikamwambia naitwa Saumu Hamisi Mbaruku. Akauliza kama Mbaruku ni jina la ukoo. Nikasema hapana, Mbaruku ni babu yangu. Hamisi ndiye baba. Kwetu Tanga mtoto anabeba jina la baba, kisha la babu, na watoto wa kaka yangu wanaitwa kwa jina la kaka yangu. Mbaruku amekuwa ukoo wangu kwa sababu ofisa wa uhamiaji alitaka kitu cha kujaza. Doreen alinitazama, akasema, "Kwa hiyo kila kizazi jina linahama?" Nikamwambia linahama. Akazima sigara. "Mungu anisaidie. Njoo ndani."

Ndani hapakuwa na mitambo ya maana. Palikuwa na karatasi ndefu ya kuviringisha, penseli laini na kifutio. Mwanamume unamchora kwa mraba, mwanamke kwa duara. Aliyekufa unamkata kwa mstari. Mwenye ugonjwa unamjaza mweusi. Asiyezaa unamwekea chini mstari mfupi, na chini ya mstari vistari viwili vya kuziba, maana yake njia imeishia hapo. Kompyuta zilipokuja Doreen aliendelea na penseli anapokwenda nyumbani kwa watu, kwa sababu, alisema, mwenye penseli haogopwi. Mimi pia nimestaafu na penseli yangu, na Priya anajua nitakakomtafuta akiichukua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jina moja: Yelcombe. Nataka mlielewe hili jina, maana limenifundisha karibu yote ninayoyajua.

Majina ya Waingereza si ya aina moja. Smith ni mfua chuma, na kila kijiji kilikuwa na mfua chuma wake, kwa hiyo ukikutana na Smith wawili kwenye basi usiwaite ndugu. Yelcombe ni jina la mahali. Huo mkia wake, kule kusini magharibi mwa Uingereza, ni kibonde kidogo. Kichwa cha jina wataalamu wanabishania, nami nimewaacha waendelee. La muhimu kwetu ni kwamba kibonde hicho kilikuwa kimoja, na watu waliolipa miguu jina lake walikuwa wachache. Katika vitabu vya ubatizo wamejibana kwenye parokia chache zinazopakana, wanaoana na majirani walewale. Baadaye wakafuata samaki hadi Newfoundland, na samaki walipoadimika wajukuu wakahamia Ontario kutafuta viwanda. Wateja wengi wa nasaba wanataka uwaambie wametoka kwa bwana mkubwa mwenye ngome. Akina Yelcombe walitoka kwa wavuvi na wachunga kondoo, na nilipowaambia hivyo walinuna.

Tulipoanza kuwapima vinasaba, wanaume wengi wa jina hilo walikuwa na kromosomu Y inayofanana, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana peke yake, njia ileile inayopita jina. Mzizi mmoja kweli. Lakini wengi si wote. Alikuja Bwana Winston Yelcombe wa Mount Dennis, mzee wa Kijamaika aliyevaa suti kana kwamba anakwenda kanisani. Mababu zake walipewa jina na aliyewamiliki. Akaniambia, "Nimekuja nijue kama yule mtu alituachia na moyo wake mbovu." Tukampima. Y yake ni ya Afrika Magharibi, moyo wake safi. "Kaniachia jina tu?" Jina tu, nikamwambia. "Basi nimepona," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Kosa wanaloingia wageni wa kazi hii ni kudhani ugonjwa unafuata jina. Ugonjwa hauna habari na jina. Unakwenda kwa mabinti sawa na kwa wana, nusu kwa nusu, na binti akiolewa jina linabaki nyuma lakini moyo anaondoka nao. Doreen aliwahi kupoteza kijana hivyo, mtoto wa binti wa Yelcombe, mwenye jina la baba yake lisilofanana hata herufi moja. Alimpata kwa jasho, akampelekea barua kwa utaratibu, akasubiri jibu kwa utaratibu. Kijana alidondoka kwenye mchezo wa magongo ya barafu bahasha ikiwa bado kwa mwenye nyumba wake wa zamani. Tangu hapo Doreen akawa hatumi barua peke yake. Anakwenda. Kwenye kila nyumba anauliza kwanza swali lilelile: nani katika familia hii alikufa akiwa mzima? Doreen alipoondoka kazini nililirithi swali hilo, na hofu yake nikairithi pia.

Sasa nije kwa Gordon. Gordon Yelcombe aliletwa kwetu baada ya kuzimia akisukuma gari lililokwama kwenye theluji. Akaokolewa, akawekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukienda mrama. Baba yake alidondoka akikoroga zege. Mwanawe alidondoka uwanjani, kijana wa miaka kumi na tisa. Gordon alikuwa mpole wa kusikitisha, alisaini ruhusa zote bila kusoma, akasema, "Watafuteni. Waambieni wote. Mtajeni mwanangu mkitaka."

Kwa upande wa baba yake kulikuwa na baba mdogo mmoja tu, Leonard. Huyu alikwenda Tanganyika kabla ya uhuru kuwa meneja wa shamba la mkonge, akadondoka akicheza tenisi, akazikwa hukohuko. Doreen alishamchora miaka mingi nyuma: mraba mweusi, mstari mfupi, vistari viwili vya kuziba. Hakuoa, hakuzaa. Hivyo ndivyo familia ilivyosema, na barua zake nyumbani zilihusu mvua na mbwa.

Gordon alikuwa amejipima kwenye moja ya zile kampuni za vinasaba. Majira hayo akatokea humo mtu mpya, kijana, ndugu wa karibu sana kwa upande wa wanaume, mwenye Y ya akina Yelcombe. Jina lililoonekana lilikuwa M. Leonard tu. Priya, ambaye ndiye aliyekuwa na faili, akafikiri kama ambavyo mtu yeyote angefikiri: Leonard ni jina la ukoo, hapa Ontario wako wengi, basi Yelcombe mmoja alitembea na mke wa Bwana Leonard fulani. Akaanza kuwachambua akina Leonard. Nilimwonea huruma, maana kuuliza watu kama bibi yao alikuwa mwaminifu hakukuletei chai.

Nilimwambia amwandikie kijana mwenyewe, amuombe majina yake kamili. Jibu likaja Jumatano. Priya akanisomea kutoka mezani kwake, akihangaika na matamshi: Mbonea Elia Leonard.

Nilisimama. Mbonea ni jina la Wapare, na nchi ya Wapare imepakana na mashamba ya mkonge. Mbonea mtoto wa Elia, Elia mtoto wa Leonard. Huyu Leonard hakuwa ukoo wowote. Alikuwa babu.

Vile vistari viwili vya Doreen nilihisi nimeviona vinafunguka mbele yangu, na sikuona raha hata kidogo. Kwa hesabu ya Kizungu Mbonea ni binamu wa mbali kidogo wa Gordon. Kwa hesabu yetu, Elia na Gordon ni ndugu, na Mbonea ni mtoto wa Gordon. Gordon alishazika mmoja. Dokta Anand, daktari wetu wa moyo, alipoona karatasi alisema maneno machache: aje Jumanne, na asikimbie hata kulifuata basi mpaka tumwone.

Nikampigia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, anaishi na mama yake mtaa wa Jane na Finch. Aliniamkia vizuri, kisha akahamia Kiingereza kama watoto wetu wote.

"Nimeelewa, Anti. Lakini mimi niko poa. Jumamosi tuna fainali, mimi ndiye namba tisa. Nitakuja mwezi ujao mitihani ikiisha."

"Mwanangu, daktari amesema usicheze."

"Coach ataniua, Anti."

Nilitaka kumwambia kocha hatapata nafasi. Nikameza. Ni mtu mzima, siwezi kumfunga kamba, wala siruhusiwi kuzungumza na mama yake bila idhini yake. Nikamuomba nije nyumbani, tukae wote watatu. Akacheka kidogo. "Njoo, lakini Mama atakulisha mpaka ushindwe kusimama."

Alhamisi nikaenda. Kwa utaratibu wa kliniki ningetoa bahasha, ningeeleza kwa dakika kadhaa, ningeacha namba ya simu. Mlango wa Mpare haufungukii hivyo. Mama Mbonea alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu kwenye kiwanda cha mikate huko Downsview, bado ana unga kwenye nyusi. Aliniuliza habari za safari, za watoto, za Tanga, za mguu wangu alioona nauburuza. Nikajibu zote nikauliza za kwake. Nikala vitumbua, roho mkononi, huku yule kijana ameketi mbele yangu na viatu vyake vya mpira miguuni pake. Nilikuwa namtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kama ningeanza na habari mbaya kabla ya chai, yule mama angenisikiliza kwa heshima na asiniamini hata neno moja.

Vikombe vilipoisha nikauliza swali langu. "Mama Mbonea, baba yake huyu alifarikije?"

"Homa," akasema, upesi.

"Malaria," Mbonea akaongeza. "Nilikuwa bado nanyonya."

Mama akakitazama kikombe. Mimi nimezaliwa kule. Homa inayojibiwa upesi namna ile ni mlango umefungwa. Sikuugonga tena. Nikatandaza karatasi mezani, nikachukua penseli, nikaanza kumchorea kijana. Huyu ni Leonard, babu yako.

"Meneja," Mama Mbonea akasema taratibu. "Hilo Same nzima wanalijua. Mama mkwe wangu alikuwa akifua nguo nyumbani kwake. Elia alikuwa mweupe, hakuna aliyehitaji kuuliza."

Mbonea akasema alijua kuna Mzungu, hakujua ni nani. Nikaendelea. Huyu ni kaka yake Leonard. Huyu ni Gordon, yuko hai, ana kifaa kifuani. Huyu ni mwanawe Gordon. Nikawajaza weusi mmoja mmoja. Mraba wa Elia nikauacha mweupe.

Mama alikuwa amesogeza kiti. Akaweka kidole juu ya Leonard. "Huyu alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa anacheza tenisi."

"Na huyu?"

"Alikuwa anakoroga zege. Hakuwa anaumwa."

"Huyu mtoto?"

"Alikuwa mchezoni."

"Kabla ya mchezo alikula wapi?"

Sikuelewa anachouliza. Nikamwambia sijui, pengine kwao.

"Kwao. Nani alipika?"

Mbonea akasema, "Mama, hiyo inahusu nini?" Mama aliipitia ile miraba myeusi yote kwa kidole, akarudi mwanzo, akaipitia tena. Kisha akaniuliza, na sauti yake sitaisahau:

"Hawa wote, dada, nani aliwalisha?"

Hapo akasema yote. Elia hakufa kwa homa. Alikula ugali mchana, chakula alichopika yeye, akachukua jembe akaenda kuzibua mfereji wa kumwagilia shamba. Akaanguka ndani ya maji, jembe mkononi, hajaumwa hata kichwa. Jua halijazama mama mkwe na wajomba wa Elia walishasema mke kamlisha kitu. Hakuna aliyepiga kelele wala kumshika. Waliacha tu kula kwake. Wakamchukua binti mkubwa, Neema, aliyekuwa na miaka kumi. Mbonea wakamwachia kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Kaka wa Mama Mbonea aliyekuwa Kanada akawavuta huku, yeye na mtoto. Neema alikua akiambiwa mama yake ni muuaji, na mpaka leo ni mwalimu Same, ana watoto, na akisikia sauti ya mama yake kwenye simu anakata.

"Uliniambia malaria," Mbonea akasema. Safari hii kwa Kiswahili.

"Ulikuwa mdogo. Ningekuambiaje? Ukala kwangu miaka yote hii bila kuogopa, nikaona bora hivyo."

Akaniomba penseli. Akaujaza mwenyewe ule mraba wa Elia, akikandamiza, mpaka ncha ikakatika. Kisha akalia, na kilikuwa kilio cha mtu aliyeshusha mzigo, chenye hasira ndani yake. Nami nililia. Mafunzo ya kliniki yanakataza. Nimestaafu, andikeni ripoti.

Mbonea alitoka akaenda kwenye korido ya jengo. Tulimsikia akimwambia kocha kwa Kiingereza kwamba hachezi. Kocha akapiga kelele za kutosha kusikika hadi jikoni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaviinua vile viatu akaviweka kabatini.

Hata hivyo sikulala vizuri. Mtoto wa miaka ishirini anaweza kubadili nia kwa meseji moja ya marafiki. Jumamosi nikaenda uwanjani, nikisema moyoni nitaonekana kichaa. Nikamkuta kwenye benchi kwa nguo za nyumbani, na mama yake ameketi ubavuni, ametoroka zamu, amemshika mkono wa shati mbele ya wenzake wote. Timu yake ilipata penalti, na kipa akaidaka. Mmoja wa wenzake akapita mbele yake akamwita mwoga. Nilimwona Mbonea akijikaza, mguu unampigapiga chini, na mama hakulegeza ule mkono mpaka filimbi ya mwisho.

Jumanne akaja. Dokta Anand alizirudia picha za moyo mara mbili. Akamweka kwenye mashine ya kukimbilia, waya kifuani, manesi wawili pembeni na kile kifaa cha kushtua moyo kikiwa tayari. Mimi na Mama Mbonea tulikuwa nyuma ya kioo. Alitembea, akaharakisha, akaanza kukimbia, kukimbia kwa uzuri kabisa, mtu anayejua kukimbia. Akageuka akatuonyesha dole gumba.

Kisha ile mistari kwenye skrini ikavurugika. Magoti yakamkatika. Nesi alimdaka kabla hajagusa sakafu, kengele ikalia, mtu akavuta pazia. Mama Mbonea akasogea mbele. Aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo akavibakiza hapo. Nilikuwa nafikiria nyasi za Jumamosi, kipa, filimbi, na uwanja usio na daktari.

Pazia likafunguliwa. Alikuwa amelala, kijivu, macho wazi, anapumua. Dokta Anand akatuita tuingie, akasema moyo umerudi, hatoki hospitali mpaka awekewe kifaa. Mama akamwinamia, akamfuta jasho kwa khanga yake. Mbonea alijaribu kuongea mara mbili ndipo sauti ikatoka.

"Mama, Neema analima?"

Mama akasimama wima. Hapa ilikuwa asubuhi, kule jioni, saa ambayo mwalimu ametoka shule na yuko shambani au kisimani. Akatoa simu. Namba alikuwa nayo. Akaweka sauti ya nje ili na Mbonea asikie, simu ikaita, ikaita, ikapokelewa na mwanamke anayehema kidogo, kama mtu aliyeikimbilia.

"Neema, ni mama yako. Usikate, mwanangu. Sikupigii kukuomba kitu. Nimejua kilichomuua baba yako. Weka chini ulichobeba, ukae."

Niliitazama ile simu, nikisubiri ule mlio wa kukatika. Kisha tukasikia ndoo ikitua chini, na kiti kikivutwa.